Buu Anayekauka Asife

Mama akitaka kupika maandazi huchukua hamira kijiko kimoja, akaitia katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, akaifunika na kungoja. Hamira yenyewe ni punje kavu, ngumu, za rangi ya udongo, wala hapana mtu awezaye kuitazama akasema kwamba ni kitu chenye uhai. Lakini baada ya dakika chache povu linapanda, harufu inatoka, na unga ukikandwa nayo utaumuka mpaka usukume kifuniko. Mama hashangai, kwa maana jambo hilo ameliona tangu utoto wake. Na sisi tunaongojea maandazi ndio kabisa hatuna nafasi ya kushangaa.

Hata hivyo, msomaji, yafaa kushangaa walau mara moja. Hamira ni viumbe hai, jamaa ya uyoga, wadogo hata jicho halimwoni mmoja mmoja, nao wamo kwa maelfu katika kila punje. Walikaa dukani miezi mingi wakiwa wakavu, bila kula na bila kukua. Maji yamewaamsha. Na mbegu ya mtama iliyo ghalani ni vivyo hivyo: imekauka, yalia chaa-chaa ndani ya kibuyu, nayo ina uhai ndani yake ambao wangojea mvua.

Ya mbegu na ya hamira tunayakubali. Lakini mnyama je? Mnyama mwenye kichwa, na tumbo, na misuli, na mishipa ya fahamu? Dagaa tukiwaanika juu ya mwamba hatuogopi kwamba wataanza kuogelea ndani ya chungu. Kwa karibu wanyama wote, na kwa mwanadamu vilevile, kukauka ni kufa, tena mapema sana kabla maji hayajakwisha mwilini.

Kumbe wako wanyama wachache ambao mambo yao si hivyo. Nao wakubwa wa elimu wamebishana habari zao kwa muda wa miaka 300 na zaidi, na katika mabishano hayo mapadre wawili wa Kanisa letu wamo.

Dimbwi juu ya mwamba

Huko Nigeria ya kaskazini, na Uganda pia, kuna miamba iliyo wazi yenye vishimo juu yake, kama ile ambayo watoto wetu hupenda kuchezea baada ya mvua. Mvua ikinyesha vishimo vinajaa maji, pengine kina cha kidole tu. Jua likiwaka siku chache maji yamekwisha, na chini yanabaki matope makavu yaliyopasuka-pasuka. Katika vishimo hivyo hutaga mayai mdudu mmoja mdogo mfano wa mbu, lakini hana mdomo wa kuuma watu. Wakaao kando ya Ziwa Victoria wanawajua jamaa zake, maana ndio wale wanaopanda kutoka ziwani kwa mawingu kama moshi, wakaingia machoni na katika taa. Katika yai hutoka buu mwembamba, mwekundu, ambaye hata akikua hafiki urefu wa sentimita 1. Hujijengea kijumba mfano wa mrija kwa mate yake na vumbi la matope, akakaa humo akila uchafu wa majini.

Basi maji yakikauka, huyu buu aende wapi? Hana mabawa bado. Hana miguu ya kumfikisha kwenye dimbwi jingine. Anakaa papo hapo katika kijumba chake, naye akauka pamoja na matope. Mwili uliokuwa na maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake wabaki na maji ya asilimia 3 hivi. Anajikunja, anakuwa kama kipande cha jani kavu. Ukimsugua kwa vidole atavunjika-vunjika. Na hivyo akae miezi yote ya kiangazi, katika mwamba uwakao jua. Mvua ikirudi, analowa, anavimba, na kabla ya saa 1 au zaidi kidogo kupita anajitikisa, kisha anaanza kula.

Mtu aliyemwandika buu huyu katika vitabu vya elimu alikuwa Mwingereza Howard Hinton, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bristol, katika mwaka 1951. Mwaka 1960 alitangaza majaribio yake mengine, na watu wengi walikuwa wagumu wa kusadiki. Alikuwa amewatia mabuu wakavu katika baridi ya digrii 270 chini ya sifuri, baridi ambayo haiko mahali popote katika dunia hii ila imetengenezwa na watu. Tena wengine aliwapasha moto hata digrii 102 kwa muda wa dakika 1, yaani kupita moto wa maji yanayochemka. Walipotiwa majini waliamka. Na katika mwaka 1985 ilitangazwa kwamba mabuu waliowekwa wakavu kwa muda wa miaka 17 nao waliamka. Mtoto aliyezaliwa siku walipokauka angekuwa kijana wa kuota ndevu.

Yafaa kusema mapema, ili tusidanganyane: buu huyo akiwa amelowa hana ushujaa wowote. Mtie katika maji ya moto, atakufa kama mdudu mwingine. Nguvu hiyo yote iko katika ukavu tu.

Vumbi la paa, na ngano iliyoharibika

Lakini Hinton hakuwa wa kwanza kuona ajabu ya namna hii. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa nguo huko Delft, Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Alikuwa na ustadi wa kusugua vioo vidogo vya kukuzia vitu, na kwa vioo hivyo akatazama kila kitu alichokipata, maji ya mvua, damu, uchafu wa meno yake mwenyewe. Mwaka 1702 alichukua vumbi kavu kutoka mfereji wa paa la nyumba, akalitia maji ndani ya kijichupa cha kioo, akatazama. Mara akaona wanyama wadogo wakijinyosha na kuzungusha nywele za vichwani mwao kama magurudumu mawili. Akawakausha, akawatia maji tena, wakaamka tena. Leeuwenhoek aliwaza kwamba bila shaka ngozi yao ni ngumu sana, haipitishi maji, na kwamba ndani yao unyevu haukutoka kamwe. Yalikuwa mawazo ya mtu mwenye akili, ila hayakuwa kweli.

Miaka 41 baadaye padre Mwingereza, John Turberville Needham, alipasua punje za ngano iliyougua. Punje hizo zilikuwa nyeusi na ndogo, na ndani yake, mahali pa unga, alikuta nyuzi nyeupe kavu. Akatia tone la maji ili nyuzi ziachane apate kuzitazama vizuri. Nyuzi zikaanza kujinyonganyonga! Walikuwa minyoo wadogo sana, maelfu katika punje moja. Needham alimpa rafiki yake Henry Baker punje kadhaa za ngano hiyo mwaka 1744, na Baker akazitia maji mwaka 1771, baada ya miaka 27. Minyoo wakaamka.

Kwa mkulima hii si habari njema hata kidogo. Minyoo hao hukaa ndani ya mbegu ghalani, na mkulima asiyejua huwapanda yeye mwenyewe kwa mkono wake. Wakulima wa ngano walijifunza kuzitupa mbegu katika maji ya chumvi nyingi: zenye minyoo ni nyepesi, huelea, nazo huondolewa, zilizo nzima huzama. Kisha zile nzima husafishwa chumvi na kukaushwa. Ni dawa rahisi isiyohitaji duka.

Padre wa pili ni Lazzaro Spallanzani, Mwitalia, aliyezaliwa Scandiano mwaka 1729, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Pavia. Huyu na Needham walikuwa wamekwisha kushindana kwa maneno makali juu ya jambo jingine. Needham alisema ya kwamba vijidudu huzaliwa vyenyewe tu katika mchuzi uliochemshwa. Spallanzani akachemsha kwa muda mrefu zaidi, akaziba chupa kwa moto, na vijidudu havikutokea. Katika shauri hilo Spallanzani ndiye aliyekuwa na haki. Wote wawili walikuwa wanasoma Misa, na wote wawili waliandikiana kama mawakili barazani. Si kitu. Elimu hupata faida katika mabishano ya watu wakweli.

Spallanzani aliyafuata mambo ya wanyama wakavu kwa uvumilivu mwingi, akayatangaza katika kitabu mwaka 1776. Aliwakausha wale wa magurudumu mara nyingi, akaona kwamba kila mara wanaoamka ni wachache kuliko mara iliyotangulia. Aliona tena jambo moja ambalo yeye hakuweza kulieleza, nalo ndilo ufunguo wa habari yote: mnyama huyo akiachwa akauke juu ya kioo kitupu hufa kabisa, lakini akikauka ndani ya mchanga huamka. Tafadhali, msomaji, uliweke neno hili la mchanga akilini, tutalirudia.

Yeye ndiye aliyempa jina la “mtembea polepole” mnyama mwingine wa ukoo huu wa ajabu, ambaye Wajerumani walimwita kidubu cha maji, kwa kuwa umbo lake ni la dubu, mnyama yule ambaye Daudi alimwambia Sauli kwamba amemwua. Ila huyu dubu ana miguu 8, na wengi wao hawafiki urefu wa milimita 1. Hukaa katika kuvu za kijani juu ya mawe na magome ya miti, kila mahali duniani. Akikauka huvuta miguu yake ndani, akawa kama pipa dogo.

Je, walikufa?

Spallanzani hakuogopa kuandika kwamba wanyama hao wanatoka mautini na kurudi katika uhai, na kwamba mtazamaji aweza kuwarudisha apendapo kwa tone la maji. Neno hilo liliwasumbua watu, na lilikuwa na haki ya kuwasumbua. Maana kama uhai waweza kukoma kabisa na kuanza upya kwa maji tu, basi uhai ni nini?

Katika mwaka 1859 mabishano yalikuwa makali sana huko Ufaransa. Upande mmoja alikuwako Louis Doyère, aliyeshuhudia kwamba vidubu vya maji vyaweza kukaushwa kabisa, vikapashwa moto, vikaamka. Upande mwingine Félix Pouchet wa Rouen, aliyesema kwamba mambo hayo hayawezekani. Chama cha elimu ya viumbe cha Paris kiliteua baraza la kuamua, na mwandishi wake akawa daktari mashuhuri Paul Broca. Walichukua kuvu yenye wanyama hao, wakaiweka siku 82 katika chombo kilichoondolewa hewa na unyevu, kisha wakaipasha moto wa digrii 100 kwa muda wa nusu saa. Walipoitia maji, wanyama wakaamka. Broca aliandika hati ndefu sana mwaka 1860, akayathibitisha mambo yote aliyoyaona. Lakini alipofika penye swali lenyewe, kwamba walikuwa hai au wafu, hakutaka kukata shauri. Nadhani alifanya vema.

Ilikuwa mwaka 1959 ndipo David Keilin wa Cambridge alipotafuta jina jipya la hali hiyo, ili watu waache kuita kifo kitu kisicho kifo. Jina lake, likigeuzwa kwa Kiswahili, ni “uhai uliofichika”.

Sisi Wakristo tunalo neno kufufuka, nalo ni neno zito. Wengine katika mafundisho hupenda kuwatumia wadudu hawa kama mfano wa ufufuko, na mfano si mbaya ukijulikana kuwa mfano. Lakini tusiwachanganye watoto. Lazaro alikuwa kaburini siku 4, na dada yake aliogopa harufu. Mwili wake ulikwisha kuanza kuoza. Buu mkavu hakuoza. Hakuna hata kitu kimoja ndani yake kilichoondoka mahali pake. Tazama cherehani iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa nyumba: haishoni, haitoi sauti, lakini kila gurudumu na kila skrubu iko mahali pake, na mwenyewe akikanyaga itaenda. Cherehani iliyopigwa nyundo ni jambo jingine. Buu ni ile ya kwanza. Kuamka kwake hakuhitaji muujiza, ila kwahitaji maelezo, na maelezo hayo yamepatikana kwa sehemu kubwa katika miaka kama 50 hivi iliyopita.

Kwa nini ukavu unaua

Mwili wa mnyama umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, nasi tunaviita seli, au chembe hai. Kila seli imezungukwa na ngozi nyembamba mno ya mafuta, na ndani yake mna protini za namna nyingi sana zinazofanya kazi, na uzi mrefu wa urithi ambao juu yake yameandikwa maagizo yote ya mwili. Maji yamo katikati ya vitu hivi vyote. Hayo maji si kinywaji tu. Ni kama mto unaolalia. Yanaitandaza ngozi ya seli ikae laini, na yanazishika protini zikae katika umbo lake.

Maji yakiondoka, vitu vyote vinasongana. Ngozi ya seli hii hugandana na ngozi iliyo jirani nayo, mafuta yanashikana, na siku maji yatakaporudi ngozi itapasuka na kuvuja kama gunia lililotafunwa na panya. Protini nazo hukunjuka na kushikamana mabonge. Umeona ute wa yai katika kikaango: kwanza ni maji-maji safi, baadaye ni mweupe na mgumu, wala hapana mtu awezaye kuugeuza kuwa kama kwanza. Hasara ya protini ni namna hiyo. Uzi wa urithi nao hukatika-katika. Ndiyo maana dagaa hawaogelei katika chungu.

Sasa buu wa mwambani hufanyaje? Wataalamu wa Japani, katika mji wa Tsukuba, wamewafuga mabuu hawa kwa miaka mingi na kuwachunguza. Waliona kwamba maji yanapopungua, chumvi ndani ya mwili wa buu inazidi ukali, nayo ndiyo tarumbeta ya hatari. Mara hiyo buu huanza kuichukua akiba ya wanga aliyoiweka mwilini na kuigeuza sukari. Si sukari ya chai. Ni sukari nyingine iitwayo trehalosi, ambayo imo katika uyoga, na katika hamira yetu ya maandazi pia. Huitengeneza kwa wingi mno, hata akiisha kukauka sukari hiyo ni karibu sehemu 1 katika kila sehemu 5 za uzito wake. Inaenezwa mwilini kote, na kila mahali ambapo maji yanatoka, sukari inaingia na kukaa kiti chake. Inashika mafuta ya ngozi ya seli yasigandane. Inashika protini zisikunjuke.

Halafu, ukavu ukizidi, sukari hiyo haifanyi chenga-chenga kama ya dukani. Inakuwa kama peremende, ile ngumu yenye kung'aa kama kioo. Ikiwa sisimizi ameingia katika sukari inayochemshwa na kumwagwa igande, utamwona ndani ya peremende miguu yake imenyoshwa vile vile, hawezi kuusogeza hata mmoja. Ndivyo zilivyo protini na nyuzi zote ndani ya buu mkavu. Hakuna kinachotembea, kwa hiyo hakuna kinachoungua, wala kinachooza, wala kinachozeeka isipokuwa polepole mno. Lakini unyevu ukiingia kidogo, peremende hulainika na kunata, na ulinzi umekwisha. Mwenye kuweka mbegu katika mtungi usiozibwa vizuri wakati wa masika anaijua hasara hiyo, hata kama hakujua sababu yake.

Na sasa turudi kwenye mchanga wa padre Spallanzani. Kazi ya kujitayarisha haifanyiki kwa dakika moja. Wajapani walipowakausha mabuu polepole, kwa muda wa siku 2 au zaidi, waliamka. Walipowakausha upesi, kwa saa chache, sukari haikuwahi kutengenezwa, wakafa. Kile kijumba cha mate na matope, tulichodhani ni nyumba ya kulala tu, kinazuia maji yasitoke kwa haraka. Na mchanga wa Spallanzani ulizuia vivyo hivyo. Juu ya kioo kitupu mnyama alikauka kabla hajawa tayari.

Jambo jingine lilinishangaza zaidi kuliko yote. Watu wangedhani kwamba ubongo ndio unaotoa amri ya kujitayarisha. Basi Wajapani wakawakata vichwa baadhi ya mabuu, kisha wakakausha polepole miili iliyobaki. Ilipotiwa maji ilianza tena kujitikisa bila kichwa! Kumbe amri haitoki kichwani. Viungo vyenyewe vinasikia hatari na kutenda.

Sukari si yote

Kwa muda fulani wengi waliamini kwamba trehalosi ndiyo siri nzima. Haikuwa hivyo. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba wale wanyama wa magurudumu wa Leeuwenhoek hawana trehalosi hata chembe, nao wanaamka. Vidubu vya maji wengi wana kidogo tu, au hawana.

Msaada wao mwingine ni protini za namna ya pekee, ambazo zilijulikana kwanza, tangu mwaka 1981, katika mbegu za pamba zinazokomaa na kukauka. Mwaka 2002 zilionekana katika mnyoo mmoja mdogo anayeweza kukauka, na baadaye katika buu wetu. Ndani ya maji protini hizi hazina umbo lolote, zinalegea kama uzi uliotupwa. Maji yakipungua hujikunja na kuingia katikati ya protini nyingine, zisigusane. Mtu akihama nyumba huvifunga vikombe vyake kwa gazeti kuukuu ili visigongane njiani. Najua kwamba gazeti hili likisha kusomwa hufanya kazi hiyo katika nyumba nyingi, wala sikasiriki. Vidubu vya maji vina protini zao wenyewe zisizofanana na hizo lakini zenye tabia kama hiyo; zilielezwa vizuri mwaka 2017.

Pamoja na ulinzi huu wote, hasara haikosekani. Uzi wa urithi wa buu hukatika mahali pengi anapokauka. Akiisha kuamka hutumia siku 3 au 4 kuuunganisha, naye hula ile trehalosi yake iwe nguvu ya kazi hiyo. Kwa hiyo yule buu aliyejitikisa baada ya saa 1 bado ni mgonjwa aliyetoka hospitali.

Watu wengine hupita kiasi wakasema kwamba kidubu cha maji hafi kamwe. Ni uongo. Kweli, mwezi wa Septemba mwaka 2007 vidubu wakavu walipelekwa nje ya dunia katika chombo kilichorushwa na Warusi, wakakaa siku 10 mahali pasipo hewa, na wengi wakaamka waliporudishwa. Lakini kidubu aliye macho huishi miezi tu, na konokono humla bila shida.

Sanduku la barafu

Mwenye jembe mkononi aweza kuuliza faida ya haya yote. Akina mama watanisaidia kujibu, maana ndio wanaoketi katika benchi la zahanati na watoto magotini. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, na muuguzi huutia maji kabla ya kuuchoma. Hata ikiwa kavu, yatakiwa kukaa katika baridi, kwa kawaida kati ya digrii 2 na 8, tangu kiwandani mpaka mkononi mwa mtoto. Ikiisha kutiwa maji haina budi kutumika katika muda wa saa 6, na ibakiyo hutupwa. Ndiyo sababu ya lile sanduku la barafu linalofungwa nyuma ya pikipiki, na ndiyo sababu siku barafu inapokwisha njiani mama aliyetembea kilomita 12 huambiwa arudi wiki ijayo. Tusiwalaumu wauguzi. Chanjo iliyopata joto haina rangi ya kuonyesha kwamba imekufa, na mtoto aliyechomwa chanjo iliyokufa hana kinga, ingawa kadi yake imeandikwa.

Katika mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walichukua chanjo za majaribio, wakazichanganya na trehalosi na sukari ya kawaida, wakazikausha polepole juu ya kitambaa chembamba. Waliziweka katika joto la digrii 45 kwa muda wa miezi 6, na hazikupungukiwa na nguvu ila kidogo sana. Digrii 45 ni joto kali. Na Wajapani nao mwaka 2017 walitangaza kwamba protini moja dhaifu, isiyostahimili ukavu, ilitiwa ndani ya seli za buu wa mwambani, zikakaushwa, zikawekwa mezani bila barafu zaidi ya mwaka mmoja. Zilipotiwa maji ile protini ilikuwa bado yafanya kazi.

Njia hizo hazijafika bado katika zahanati zetu. Kila chanjo yahitaji kujaribiwa peke yake, kwa maana inayofaa kwa hii haifai kwa ile, na kiwanda cha kukausha namna hiyo kina gharama. Mpaka sasa sanduku la barafu linaendelea na safari yake, na mama mwenye kadi ya kliniki afuate tarehe iliyoandikwa, afike asubuhi mapema kabla kichupa kilichofunguliwa hakijamaliza saa zake 6.